Bahari Si Mbunifu: Tunachokosea Kuhusu Mashimo ya Gofu ya Ukingoni

Septemba 2025 Kombe la Walker, linalowakutanisha wachezaji wa ridhaa wa Marekani na wenzao wa Uingereza na Ireland, lilichezwa katika uwanja wa Cypress Point, pwani ya California. Marekani ilishinda kwa 17 dhidi ya 9, na matokeo hayo yalisahaulika upesi. Kilichobaki midomoni mwa watu, angalau wale ninaozungumza nao gofu, ni shimo la 16: par 3 (shimo ambalo mchezaji mzuri hutarajiwa kulimaliza kwa mapigo matatu) ya yadi zipatazo 230, tii, yaani mahali pa kupigia mpira wa kwanza, iko upande mmoja wa hori, grini, yaani nyasi fupi zenye bendera na tundu lake, iko upande wa pili, na katikati Bahari ya Pasifiki inapiga miamba. Mshangao huo unaeleweka. Cypress Point ni klabu ya watu wachache mno, na ilitoka kwenye ratiba ya shindano la kulipwa la Monterey mwaka 1991, PGA Tour, inayoendesha mashindano ya kulipwa ya Marekani, ilipozitaka klabu zote mwenyeji zithibitishe kuwa hazibagui wanachama. Tangu hapo wengi wetu tumelijua shimo lile kwa picha tu. Sasa limeonekana likichezwa, na hitimisho ninalolisikia kila upande ni moja: hapa ndipo ubunifu wa viwanja vya gofu ulipofikia kilele, mpira kuvushwa bahari ukatue kwenye nyasi.

Nadhani hitimisho hilo si sahihi, na kosa lake lina gharama. Pigo la kuingilia grini kando ya bahari haliwi kubwa kwa sababu linavuka maji. Ukubwa wake unatoka kwenye pigo lililolitangulia. Swali la kuuliza ni hili: je, mchezaji mwenyewe ndiye aliyeamua, dakika chache kabla, asimame umbali gani na ukingo, na je, uamuzi huo umemfaidi au umemponza? Par 3 ya kuvuka maji haina nafasi ya swali hilo, kwa kuwa mahali pa kupigia pamechaguliwa na mtu mwingine na wote mnapiga kutoka hapo hapo. Ukitaka kuona bahari ikitumiwa kweli kama sehemu ya mchezo, iache Cypress Point, fuata ufuo huo huo mwendo mfupi tu kusini-mashariki hadi Pebble Beach, ukasimame kwenye shimo la 8.

Shimo hilo ni par 4 ya yadi 428. Ukiwa kwenye tii hakuna cha kukutia hofu. Mbele yako kuna kilima cha nyasi, bahari iko kulia, na grini haionekani. Unapiga mpira juu ya kilima kwa imani. Wachezaji wa kulipwa huiacha draiva, fimbo ya kupigia mbali zaidi, begini, maana feawei, ile njia ya nyasi zilizokatwa kuelekea grini, inakatika ghafla kwenye ukingo wa jabali na mpira uliopigwa kwa nguvu zote utaishia majini. Ndipo unapanda mwenyewe, na ukifika juu ndipo unapoona ulichokuwa hujaonyeshwa: ardhi imechanika, hori imeingia ndani hadi mbele ya miguu yako, na ng'ambo, chini kidogo ya ulipo, iko grini ndogo iliyozungukwa na mabanka, yaani mashimo ya mchanga, na kuinamia mbele. Kutoka hapo hadi bendera ni kama yadi 180 au 200, kutegemea ulivyothubutu. Jack Nicklaus, ambaye alishinda US Open ya 1972 kwenye uwanja huu, amesema mara nyingi kwamba hakuna pigo la pili analolipenda kuliko hilo katika gofu yote.

Wanaolisifu husifu mandhari, na mandhari yanastahili. Lakini tazama jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi. Ukiusogeza mpira hadi karibu na ukingo, pigo la pili linapungua kwa fimbo moja au mbili, na kwa grini ndogo namna ile tofauti hiyo ni kubwa sana. Grini za Pebble Beach kwa wastani hazizidi mita za mraba 325 hivi, na ni miongoni mwa zile ndogo kabisa ambazo wachezaji wa kulipwa hukutana nazo. Ukiogopa ukabaki nyuma, uko salama kwa sasa, ila deni umelihamishia kwenye pigo linalofuata: fimbo ndefu zaidi, mpira unaotua ukiwa na kasi, na grini isiyotaka kuupokea. Na kama huwezi kabisa kuvuka, feawei inalizunguka hori upande wa kushoto. Unaweza kwenda huko, ukapoteza pigo moja, ukaendelea na maisha. Kuna njia tatu hapo, kila moja ina bei yake, na bei hizo zote zinapangwa na umbali wako na ukingo. Bahari haijawekwa kumtisha mtu. Kazi yake pale ni ya mizani.

Februari 2022, kwenye shimo hilo hilo, Mmarekani Jordan Spieth alituonyesha jambo hili kwa namna iliyowafanya watu wafumbe macho. Mpira wake wa kwanza uliviringika hadi kwenye mdomo wa jabali na kusimama hatua moja tu kutoka kwenye genge la kina cha karibu mita 20. Kedi (mbeba fimbo) wake, Michael Greller, alimsihi aokote mpira, akubali adhabu. Spieth akapiga, akaruka nyuma mara tu fimbo ilipogusa mpira, na mwishowe akapata par. Mjadala uliofuata ulikuwa juu ya usalama, na ulikuwa wa haki. Yeye mwenyewe baadaye alieleza kwamba hakujisikia vizuri kuhusu uamuzi ule. Lakini kwa mbunifu wa uwanja somo liko kwingine. Mmoja wa wachezaji bora duniani alifika pale ukingoni kwa sababu shimo lilimwambia kuwa pale ndipo pa kuwa, na alikosea kwa yadi mbili tatu tu. Hakuna par 3 inayoweza kumpeleka mtu mahali kama pale, kwa sababu hakuna par 3 inayomwambia atafute.

Kuna jambo jingine kwenye shimo la 8 ambalo wapenzi wa picha hawalitaji, nalo ni umbali. Wastani wa draiva kwa wachezaji wa PGA Tour ulikuwa yadi kama 257 mwaka 1980. Leo ni karibu yadi 300. Viwanja vingi vya zamani vimeishiwa pumzi kwa sababu hiyo: matii yamerudishwa nyuma, ardhi zaidi imenunuliwa, maji na mbolea vimeongezeka, na bado vijana wanafika na fimbo fupi mkononi pale ambapo baba zao walishika fimbo ndefu. Desemba 2023 vyombo vinavyosimamia mchezo, USGA na R&A, vilitangaza masharti mapya ya kupima mipira ili umbali upungue, na kelele bado hazijatulia. Kwenye shimo la 8 ubishi huo unapoteza nusu ya nguvu zake. Mwenye uwezo wa kupiga yadi 330 na mwenye uwezo wa kupiga 260 wote wanasimama kwenye uwanda ule ule, kwa kuwa baada yake hakuna ardhi. Ni kweli kwamba yule mwenye nguvu atashika fimbo fupi zaidi kwa yadi zile zile. Lakini ile faida ya kuliruka tatizo lenyewe hana. Ukingo wa jabali umefanya bure kazi ambayo kamati zinaipigania kwa miaka.

Sasa turudi kwenye kilichotufikisha hapa. Kwa miaka ishirini na zaidi iliyopita ujenzi wa viwanja vya kifahari umekimbilia pwani zenye majabali: Bandon Dunes huko Oregon mwaka 1999, Old Head nchini Ireland miaka miwili kabla yake, Cape Kidnappers huko New Zealand mwaka 2004, Cabot Cliffs katika Nova Scotia, Kanada, miaka kumi na kitu baadaye. Baadhi ya viwanja hivi ni kazi nzuri sana na sitaki nieleweke vibaya. Tatizo ni jinsi tunavyovifahamu. Tunavifahamu kwa kamera iliyo angani. Picha maarufu ya Cape Kidnappers, ile inayoonyesha feawei zimekaa juu ya vidole vya ardhi vinavyochomoza baharini, haionwi na mchezaji yeyote. Mchezaji yuko juu ya kidole, anaona nyasi, upeo wa macho na anga. Tom Doak, aliyeubuni uwanja huo, analijua hilo vizuri na mashimo yake yana akili nyingi kuliko picha inavyodokeza. Lakini mwekezaji anayeamua wapi aweke mamilioni yake mara nyingi ameanza na ile picha. Na picha ya angani hupenda kitu cha aina moja: grini iliyojitenga, maji yanayoizunguka, tii ng'ambo. Yaani par 3. Cabot Cliffs ina mashimo 18 yenye mengi ya kujadiliwa, ila anayeitafuta picha yake ataletewa shimo la 16, grini iliyokaa kwenye pua ya jabali.

Shimo la 8 la Pebble Beach haliwezi kuzaliwa kutokana na picha ya namna hiyo. Kutoka angani siri yake yote imefichuka. Hori inaonekana tangu mwanzo na kile kilima kinakuwa bapa. Kinacholifanya liwe lilivyo ni kwamba mpigaji wa kwanza haoni, na mpigaji wa pili anaona kila kitu kwa mkupuo mmoja. Mbunifu anayeanzia kwenye droni angekiona kilima kile kuwa kasoro, akakisawazisha ili wageni waione bahari mapema.

Hoja za upande wa pili zipo na nyingine ni nzito. Iliyo nzito kuliko zote ni ya biashara. Gofu ya kando ya bahari ni burudani inayouzwa kwa wasafiri. Raundi moja Pebble Beach inazidi dola 600, na anayelipa kiasi hicho mara moja maishani hafuati hesabu za pembe na fimbo. Anataka kusimama mahali ambapo ataelewa papo hapo kwa nini amelipa. Par 3 ya kuvuka bahari inampa hilo hata kama mchezo wake ni mbovu, ilhali uzuri wa par 4 kama ile ya 8 unahitaji pigo la kwanza lililo sawa, na mgeni aliyelikosa hufika ukingoni na mpira mfukoni. Sina jibu la kuimaliza hoja hii. Naweza kusema tu kwamba shimo la 7 la Pebble Beach, par 3 ya yadi 106 hivi kwenye ncha ya ardhi, linatosheleza kiu hiyo vizuri, na linafanya hivyo likiwa hatua chache kabla ya la 8. Uwanja unaweza kuwa na vyote viwili. Ninachopinga ni kudhani kwamba cha kwanza ni sawa na cha pili.

Hoja ya pili inatoka upande ulio kinyume kabisa, kwa wazee wa Scotland na wafuasi wao. Wao husema majabali si gofu. Mchezo ulizaliwa kwenye ardhi ya mchanga iliyo kati ya mashamba na pwani, ambako bahari huwa inasikika na kunuswa zaidi kuliko inavyoingia mchezoni. Kwenye Old Course ya St Andrews huwezi kuupoteza mpira baharini hata ukijaribu. Kinachokusumbua ni upepo uliotoka huko, na mabonde madogo yanayoupeleka mpira usikotaka. Kwa mtazamo huo, hori ya Pebble Beach ni mbwembwe za Kimarekani. Nakubaliana nao kwa sehemu: upepo ni zawadi kubwa zaidi ya bahari kwa gofu, na hauhitaji jabali. Lakini wanapitiliza. Kwenye ardhi ya mchanga mpira uliokosea kidogo una nafasi ya kurudi, na hapo ndipo utamu wa gofu ya Scotland ulipo. Ukingo wa jabali hauna msamaha wa aina hiyo, hivyo unahitaji ubunifu wa namna nyingine, ambapo msamaha unatolewa mapema, kwenye pigo la kwanza, kwa kuacha nafasi pana mbali na ukingo. Ni gofu nyingine, na si lazima iwe duni.

Ya tatu ni hoja ya ujasiri: kwamba kuvuka maji bila njia mbadala ndiyo mtihani safi, unaweza au huwezi. Inapendeza masikioni. Kwa mchezaji wa kulipwa mwenye uwezo wa kupiga yadi 230 hewani, ni mtihani kweli. Kwa mama wa miaka 60 anayepiga yadi 130, au kwa wengi wetu siku upepo ukiwa usoni, hakuna mtihani wowote hapo. Kuna mpira uliopotea na safari ya kwenda upande wa pili kuudondosha mwingine. Ujasiri unahitaji kitu ambacho mtu angeweza kukichagua badala yake. Na hapa Cypress Point yenyewe inanisaidia, kwa sababu shimo lake la 16 lina kitu ambacho kamera hazikukazia: upande wa kushoto kuna ardhi, safari ya kuivuka bahari ni fupi zaidi huko, na mchezaji anaweza kutua pale, kisha aingie kwenye grini kwa pigo fupi na kutafuta par kwa ufundi. Alister MacKenzie, aliyeukamilisha uwanja huo mwaka 1928, hakuwaacha wanachama wake bila mlango. Ukiuondoa mlango huo picha inabaki ile ile, shimo linakufa. Wanaoliiga hubeba picha wakausahau mlango.

Na kama ni kusifu Cypress Point, mimi ningeanza na la 17. Tii iko upande wa pili wa hori, unapiga kurudi bara kwenye feawei iliyolala kwa mshazari kando ya jabali, na katikati ya njia kuna kundi la mivinje ya Monterey linalokuuliza utapita upande gani. Ukipita karibu na bahari, pigo la kuingilia linafunguka. Ukikimbilia ndani, miti inakuwa mbele yako. Ni mantiki ile ile ya shimo la 8 la Pebble Beach kwa lugha nyingine, na nililiona likitajwa mara chache sana wiki ile ya Septemba.

Nimeiweka mwisho hoja dhaifu kuliko zote kwa sababu ndiyo inayoaminiwa na wengi: kwamba mashimo haya yamebuniwa na bahari, binadamu amekuja na bendera tu. Historia ya Pebble Beach inaikataa vipande vipande. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1919, ukiwa umechorwa na Jack Neville na Douglas Grant, wachezaji wa ridhaa wawili ambao hawakuwa wamewahi kubuni uwanja. Walichopatia, na walipatia sana, ni kuufuatisha ufuo. Mengi mengine hayakuwapo. Shimo la 18, linaloheshimiwa leo kama umalizio bora duniani, lilianza likiwa par 4 fupi na ya kawaida. Bahari ilikuwa pale pale kushoto, mawimbi yale yale, na halikumsisimua mtu. Mwingereza Herbert Fowler alilirefusha mwaka 1922 likawa par 5, na ghafla ukingo ule ukapata maana, kwa kuwa mapigo matatu sasa yanapaswa kuamua yaukaribie kiasi gani. Grini ya shimo la 8 tunayoiona ni kazi ya MacKenzie ya mwaka 1926. Kabla yake hori ilikuwapo, grini hii haikuwapo. Shimo la 5 lilikaa bara kwa karibu miaka 80 kwa sababu tu kiwanja kimoja cha ukingoni kilikuwa mali ya mtu binafsi. Kilipopatikana, Nicklaus akajenga shimo jipya lililofunguliwa mwaka 1998. Mkataba wa ardhi, rula na koleo vimefanya sehemu kubwa ya kile tunachokiita kazi ya maumbile.

Mfano wa Turnberry huko Scotland unanibana kidogo, na ni haki niuseme. Shimo la 9 la zamani pale lilikuwa na tii juu ya mwamba uliochomoza baharini, mandhari ya kukata pumzi, kisha mpira ukatua kwenye feawei yenye mgongo wa tembo na pigo la kuingilia likaelekea bara, kwenye grini isiyo na hata banka moja. Bahari yote ilitumika kwenye pigo la kwanza, la pili likabaki kavu. Mwaka 2016 mbunifu Martin Ebert alilivunja na kuweka par 3 inayovuka ghuba kuelekea kwenye mnara wa taa. Kwa kipimo changu ningepaswa kulalamika. Silalamiki, shimo jipya ni bora kuliko la awali. Ila sababu si kwamba par 3 ni bora kuliko par 4. Par 4 ile ilikuwa imeelekezwa vibaya, ilikupa bahari na kukunyang'anya kabla hujaitumia. Kuigeuza kuwa picha lilikuwa suluhisho jepesi kwa kosa la mwelekeo, na likafaulu. Mwanafunzi wa ubunifu anaweza kujiuliza ingekuwaje kama grini ndiyo ingesogezwa ukingoni na tii ikarudi bara.

Kwa nini haya yatuhusu sisi wa pwani ya Afrika Mashariki, ambako wachezaji wa gofu ni wachache? Kwa sababu ardhi inayotafutwa ni ya aina tuliyo nayo. Mombasa Golf Club, iliyoanzishwa mwaka 1911, ina mashimo tisa juu ya mwamba wa matumbawe, mbuyu hapa na pale, na meli za Kilindini zinapita karibu kiasi kwamba mchezaji husubiri honi itulie ndipo apige. Hakuna aliyetumia mamilioni kuupamba, na bado una mambo ambayo viwanja vipya vinayatafuta. Kutoka kusini mwa Kenya hadi Unguja kuna ukingo mwingi wa namna ile, na kila mara mwekezaji akija na ramani, gofu ni sehemu ya maneno yake. Uwanja wa mashimo 18 hula hekta 50 hadi 70. Swali la ni kiasi gani cha hekta hizo kiwe mstari wa maji si la wachezaji peke yao. Ni la mvuvi anayevuta ngalawa, la mwanamke anayelima mwani, la watoto wanaoshuka kuogelea.

Hapo ndipo kuelewa vibaya uzuri wa mashimo haya kunapoanza kutugharimu. Anayeamini kuwa bahari ndiyo thamani atataka mstari mrefu wa ufuo kadiri inavyowezekana, grini mwanzo hadi mwisho zikiwa kwenye mwamba, na uzio nyuma yake. Anayeamini kuwa thamani iko kwenye uhusiano wa pigo moja na lingine anaweza kuridhika na kidogo. Pebble Beach ina mashimo tisa yanayogusa bahari. Cypress Point, ambayo wajuzi wengi huiweka juu yake, ina matatu tu, la 15, la 16 na la 17. Mengine yote yanazunguka msituni na kwenye vilima vya mchanga. Mita mia chache za ufuo, zikitumiwa na mtu anayejua atakacho, zimetosha kuupa uwanja jina kwa karibu karne nzima.

Kisha bahari yenyewe haitulii. Huko Montrose, mojawapo ya viwanja vya kale zaidi vya Scotland, Bahari ya Kaskazini imesogea makumi ya mita ndani ya kizazi kimoja na kulazimisha mashimo yahamishwe. Pebble Beach inalishikilia shimo la 18 kwa ukuta wa mawe na saruji. Grini iliyojengwa kwenye pua ya jabali ili ipigwe picha haina pa kurudi nyuma. Feawei pana yenye ukingo upande mmoja inaweza kupoteza mita tano na kubaki shimo lile lile, pengine lenye makali zaidi.

Tanzania Bara ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Wanasheria wanaweza kubishana kama nyasi zilizokatwa ni shughuli ya kudumu. Mimi ningependa mbunifu azichukue mita hizo kama zilivyo, aache wapite wanaopita, na aielekeze feawei yake kwa mshazari kuzifuata, ili anayetaka pembe nzuri ya kuingilia grini alazimike kuukaribia mpaka huo na anayeogopa apate uwanja mpana upande wa bara. Mipira itavuka na watu watakuwapo, kwa hiyo itabidi wachezaji wasubiri. Si jambo geni. St Andrews ina barabara ya umma, Granny Clark's Wynd, inayokatiza feawei za shimo la 1 na la 18 za uwanja unaotajwa kuwa mkongwe kuliko wote duniani. Wenye watoto na mbwa huvuka kwenda ufukweni, na mchezaji, hata awe bingwa wa dunia, anasimama na fimbo yake hadi wapite.